Miali Minne Dirishani

Mimi nikiona kitu nisichokielewa, ugali haushuki. Marehemu mama aliwahi kunichapa kwa kukata kibuyu kizima cha maziwa nione ndani kukoje. Sasa mdogo wangu Fredrick alipoleta madirisha ya ajabu nyumbani, mlitegemea mimi Honorata ninyamaze?

Nyumba yetu hapa Bariadi ni ya mawe. Ilijengwa na mfanyabiashara wa pamba kabla ya uhuru, na baba akainunua enzi zile pamba ilikuwa pamba. Afisa utamaduni alikuja akasema hili ni jengo la kihistoria, karabatini lakini sura isibadilike. Fredrick, ambaye ni mhandisi wa majengo Mwanza, akachongesha fremu mpya za mninga zenye upinde uleule wa zamani. Ila kila dirisha akalitia vioo viwili vilivyobanwa pamoja, na katikati yake hewa iliyofungiwa isitoke.

"Hewa ya nini?" nikamuuliza.

"Inazuia joto, dada. Feni utaizima mwenyewe."

"Hewa izuie joto? Hewa hiihii ya Bariadi inayotukaanga?"

Akacheka. Akasema hewa ikifungiwa pembamba ikatulia, haina haraka ya kupitisha joto. Tena kioo kimoja kimepakwa kitu chembamba kisichoonekana, kinachorudisha joto lilikotoka.

"Kama hakionekani, umejuaje kimepakwa?"

"Jioni washa mshumaa, usogeze karibu na kioo. Utaona miali minne, na mmoja una rangi tofauti na wenzake. Hapo ndipo penye mpako." Akapanda gari lake, akarudi Mwanza, akaniacha na hamu yangu.

Madirisha ya zamani yalikuwa mbao zilizoliwa na mchwa. Vumbi lilipita, joto lilipita, na maneno yote ya barabarani yalipita. Mbuzi akikohoa nje tulimpa pole. Na kwa kuwa mlango wetu uko nyuma, uani, tangu enzi za baba mgeni husimama kwenye dirisha la sebuleni akasalimia, tukaitikia tukiwa ndani, ndipo anazunguka.

Wiki ile tulikuwa tunangoja wageni wazito. Selestini, kijana wa Sola kule Maswa, alikuwa anamposa binti yangu Gloria, na wazee wake walikuwa waje Jumamosi asubuhi tuzungumze habari ya ng'ombe. Watoto hawa wamependana tangu chuoni. Sisi wazazi ndio tulivutana wee mpaka tukachoka, na sasa mambo yalikuwa yameiva. Nilimtaka mkwe yule, nasema ukweli, karibu kumshinda Gloria mwenyewe.

Ijumaa jioni, Gloria akiwa jikoni, nikawasha mshumaa nikasimama dirishani. Weee! Miali minne kweli, miwili mbele, miwili nyuma yake. Nikausogeza mshumaa kulia, yote ikahama. Kushoto, ikarudi. Na mmoja katikati yao ulikuwa mwekundu kuliko wenzake. Nilicheka peke yangu, nikaupunga mshumaa juu na chini nione kama ule mwekundu utabaki mwekundu. Ukabaki. Nililala nikiwa na furaha ya kitoto.

Jumamosi tukapika wali, tukachinja kuku, tukangoja. Asubuhi ikapita kimya. Saa kumi Selestini akampigia Gloria, na nikaona uso wa mwanangu unabadilika.

"Mama," akasema, "uliwafanya nini wazee?"

"Wazee gani? Mimi sijamwona mtu!"

Kumbe walipata lifti ya lori la pamba Ijumaa, wakafika mapema, wakaona wapite watusalimie kabla ya kwenda kulala kwa ndugu yao. Walisimama dirishani. Mzee Ndaki, baba mkubwa wa Selestini, alitoa salamu mara tatu. Mimi nikamkodolea macho, nikacheka, nikampungia moto usoni. Sasa wamesema kesho wanarudi Sola, na habari ya ndoa imekwisha.

Huku kwetu mtu anaweza kukunyima hata maji, ukamsamehe. Salamu ni kitu kingine. Nilikasirika kwanza, msidhani mimi ni mtakatifu. Nikasema wazee wale waongo, kama hawamtaki mwanangu si waseme tu! Nikatoka nje kwa hasira nikaone hapo waliposimama.

Nikageuka kuliangalia dirisha. Ndani, Gloria alikuwa ameketi sakafuni analia. Mdomo wazi, mabega yanaruka. Na mimi mama yake, hatua mbili kutoka kwake, sikusikia hata kwikwi. Moyo ulinipasuka, na papo hapo nikaelewa.

Bodaboda ilinifikisha kwa yule ndugu yao jua likianza kulala. Mzee Ndaki hakuniangalia.

"Mama, ulitupungia moto," akasema.

"Ni kweli, baba. Nilipunga. Lakini nyumba yangu imeziba masikio. Njoo uione."

Kisha akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Nyumba inazibaje masikio?"

"Nikikwambia hutaniamini."

Akavaa kofia yake, na wenzake wawili wakamfuata.

Tulipofika kwangu nikamwambia Gloria awaketishe sebuleni, amweleze mzee jana nilikuwa nafanya nini. Mimi nikabaki nje. Nikapiga magoti kwenye changarawe mbele ya dirisha, nikapaza sauti kumwamkia kwa Kisukuma. "Mwadila, baba!" Nilimwona ananitazama. Hakuitikia. Nikarudia. Watu wakapita barabarani wakinishangaa, mama mtu mzima anaamkia ukuta. Nikarudia tena, na niwaambieni, salamu isiyojibiwa inauma hata kama sababu unaijua.

Mara nikaona Gloria anampa mshumaa. Mzee akausogeza kwenye kioo. Akaupeleka kulia, akaupeleka kushoto. Akaita wenzake waje. Macho yao yalikuwa yananielekea moja kwa moja na hawanioni kwa mng'ao wa mshumaa kiooni, wazee watatu wanacheka, na Mzee Ndaki anapunga moto juu na chini usoni pangu.

Gloria akamgusa bega, akamwonyesha huku niliko.

Mzee alishtuka hata mshumaa ukazimika. Alihangaika na kitasa, akakizungusha huku na huku, mpaka dirisha likafunguka.

"Mwadila, mayu, mama yangu!" akasema, na sauti yake ilikuwa imejaa aibu. "Tangu saa ngapi uko chini hapo?" Kisha hakuweza kujizuia. "Hebu niambie, ule mmoja mbona mwekundu?"

Jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa linaniwasha ulimini. Lakini kwanza niliitikia salamu.