Kichwa cha Koplo

Asubuhi ya gwaride la nishani, kinyozi wa kambi aliipaka mashine yake mafuta, akakung'uta taulo mlangoni na kufungulia redio. Kibanda kilijaa kabla maji ya kunyolea hayajapata moto. Alipenda kikijaa, humo ndimo alimojua nani kapandishwa cheo na nani kafumaniwa. Ila wiki ile alikuwa na swali moja tu: kile kijiji cha ng'ambo ya mto, anakoishi dada yake, kimesalimika? Kila askari alimjibu kwamba walikikuta kitupu.

Kikosi kilichorudi kutoka huko kilikuwa kimeota nywele za watu wengine. Mpishi alikuwa na mvi nyepesi za ajuza. Dereva alikuwa na nywele laini za kitoto, utosini bado hazijajaa. Sajenti aliota rasta hadi kiunoni, akazifunga kwa kamba ya kiatu zisiingie kwenye uji.

"Sajenti, umependeza. Mume yuko wapi?"

"Yuko kwa mama yako."

Wakacheka hadi wakatemeana makombo ya mkate. Kapteni akachungulia dirishani.

"Fundi, saa nane waziri yuko hapa. Sitaki kuona hata unywele."

"Sawa, afande."

Akaanza na dereva. Zile nywele za kitoto zilimganda vidoleni, zinanuka moshi. Dereva alizipuliza zisimwangukie kwenye chai.

Akafuata koplo. Kichwa chake kilikuwa kimesukwa twende kilioni, ncha zimefungwa kwa uzi wa kijani, na nyuma ya sikio la kushoto pana baka jeupe la kuzaliwa. Dada wa kinyozi alikuwa fundi cherehani, na uzi uliobaki aliumalizia kichwani kwake. Lile baka kinyozi alimtania nalo dada yake tangu utotoni, kwamba kaegemea ukuta wenye chokaa mbichi.

"Hizi umezitoa wapi, koplo?"

"Zimeota tu. Si unawaona wenzangu?"

"Na mwenyewe?"

"Yule mama? Mkarimu kweli. Alituchotea maji, tukanywa wote kwanza." Koplo akajikuna. "Fanya haraka bwana, zinawasha."

Benchini walikuwa wakibishana juu ya mpira. Kinyozi alikuwa na wembe mkononi, na shingo ya koplo ilikuwa imeinama mbele yake, nene, ina jasho. Akauweka wembe mezani, akaanza kufumua. Dada yake hakuwahi kuvumilia kuvutwa nywele. Angepiga kelele mtaa mzima ukatoka nje. Akafumua kwa ncha za vidole, mstari kwa mstari. Koplo akalegea, akalala mdomo wazi, mate yakimchuruzika kwenye taulo.

"Mwone anavyobembelezwa," sajenti akasema. "Na mimi hivyohivyo, fundi."

Saa nane vichwa viling'aa juani na waziri akavisifu kwa usafi. Kufika jioni nywele zilikuwa zimerudi zote. Kapteni akampa kinyozi ajira ya kudumu.

Sasa koplo huja kila asubuhi, hukaa na kufumba macho kabla hata hajaguswa.

"Taratibu kama jana, fundi."

Na kinyozi, asije akamuumiza dada yake, hufumua taratibu.