Siku Mia Moja Bila Kidonda

Siku ya nne baada ya kupasuliwa, Benedicta alijinusa. Hakuhitaji hata kuinamisha kichwa. Harufu ilipanda yenyewe kutoka chini ya shuka, harufu ya nyama iliyosahauliwa kwenye sufuria, ikampita mtoto aliyelala kifuani pake na kumfikia puani. Alibandua upande mmoja wa plasta kwa ncha ya ukucha. Mshono ulikuwa umevimba na kung'aa, na katikati, kati ya uzi wa tatu na wa nne, palikuwa na tone la usaha.

Wodi ile ilikuwa na sinki jipya la kunawia mikono, na juu yake picha sita za kuonyesha namna ya kunawa: kiganja kwa kiganja, katikati ya vidole, mpaka kwenye kucha. Picha zilikuwa nzuri. Maji ndiyo hayakuwepo. Jana yake Benedicta alimwona kwa macho yake nesi wa zamu akifungua vidonda vya wanawake watatu, kitanda kwa kitanda, kwa glovu zilezile, na yeye akawa wa tatu. Aliyelala kwenye kitanda cha wenyewe ataanzia wapi kumfundisha mwenye kitanda kazi yake?

Nje ya mlango wa wodi kulikuwa na ubao: SIKU BILA MAAMBUKIZI YA VIDONDA VYA UPASUAJI. Chini yake palikuwa na namba ya chaki ambayo matroni aliibadilisha kila asubuhi kwa mkono wake mwenyewe, kabla ya kumsalimia mgonjwa yeyote. Asubuhi ile iliandikwa 96. Zikitimia mia moja wageni wangekuja kutoka mkoani na cheti chao, na picha zingepigwa. Hospitali nzima ililijua hilo, hata wafua shuka. Wakubwa walikuwa wameshaamua kwamba vidonda havitaoza. Kazi iliyobaki ilikuwa ya vidonda, vitii.

Nesi Frida, binti aliyeanza kazi mwaka ule, ndiye aliyeitikia wito. Aliinua plasta, akatazama, akairudisha polepole kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Kisha akaenda kumwita matroni.

Matroni Suzan aliisalimia wodi nzima. Aliuliza kama mtoto ananyonya, akazisifu nywele zake. Alisimama upande wa kichwani, mbali na harufu, na kidonda hakukitazama kabisa.

"Leo tunakuruhusu, mama. Unaendelea vizuri sana."

"Kinatoa usaha, sista."

"Hayo ni majimaji tu. Kila mshono hutoa majimaji. Zahanati ya kwenu watakusafisha, na nyumbani kuna hewa nzuri kuliko humu."

Benedicta alifikiri kwamba hewa ya kijijini kwao Nyarubungo haijawahi kumponya mtu mshono. Alisema asante. Kwenye kadi matroni akaandika, kwa mwandiko wa kuvutia: hali nzuri, kidonda kikavu. Funika kombe mwanaharamu apite. Na mwanaharamu huyo alikuwa akivaa kandambili zake, mkono mmoja tumboni, ili aondoke.

Aliyekuja kumchukua ni mama mkwe wake, Koleta. Mumewe Anatoli alikuwa mpakani Rusumo akishusha mizigo ya malori, na huko ukiondoka siku moja, kesho yake mahali pako pana mtu. Mlangoni Frida alimvuta Koleta pembeni, akamweleza mbele ya Benedicta: huyu kapasuliwa, hakandwi. Maji ya moto tumboni hapana, majani hapana, hata mkono usimguse.

Koleta alikuwa amewakanda wake za wanawe wote na nusu ya wazazi wa kijiji. Hata hivyo aliyapokea maneno yale kama amri ya Mungu. Alipofika nyumbani alikigeuza kifudifudi chungu cha kukandia na kukisukuma chini ya kitanda. Majirani walipokuja kumwona mzazi walishangaa kukuta jiko halina maji, wakasema mkwe wake hampendi, anataka damu imgandie ndani. Koleta akawajibu kwamba wenye elimu wamekataza, na wao wanajua kwa nini. Bibi wa watu aliwaamini kwa moyo wake wote, nao hawakustahili hata robo ya imani ile.

Kwenye zahanati gozi za kufungia vidonda zilikuwa zimekwisha. Mganga alikitazama kidonda, akaitazama kadi, halafu akakitazama kidonda tena. Alimweleza Benedicta kwa sauti ya chini kwamba hospitali wameandika kikavu, na yeye akiandika kina usaha itaonekana kimeharibikia mikononi mwake. Hakutaka barua ya kujieleza. Akampa panado, akamwambia arudi palepale alipopasuliwa.

Alirudi siku ya nane. Alikuwa ameinuka kumchukua mtoto, na mshono ukafunguka kwa sauti aliyoisikia mwenyewe. Walipanda bodaboda moja, Benedicta katikati, Koleta nyuma yake na mtoto mgongoni. Kila penye shimo Koleta alimshika kiunoni kwa mikono miwili ili asirushwe. Mwili wa mkamwana ulikuwa na joto la kuunguza, naye bibi alisali njia nzima kwa Kihangaza cha kwao.

Hospitali ilikuwa na sherehe. Turubai lilikuwa limefungwa uwanjani, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa vyeupe, na kwenye kipaza sauti mtu alikuwa akijaribu moja mbili, moja mbili. Mlinzi alipoona kitenge cha Benedicta kimelowa, hakuwapeleka wodini. Wodini wageni wangepita. Aliwazungusha kwa nyuma, kupitia mahali pa kufulia, akawaingiza kwenye stoo ya shuka, na huko Benedicta akalazwa juu ya magodoro ya akiba. Koleta akaambiwa asubiri nje na mtoto.

Kupitia dirishani hotuba ilisikika vizuri. Mgeni rasmi aliwashukuru madaktari na wauguzi kwa kupunguza madhara baada ya upasuaji, akasema hospitali nyingine zije kujifunza hapa. Alisema siri ya ushindi ni kunawa mikono. Watu wakapiga makofi kwa mikono ambayo haikuwa imegusa maji tangu asubuhi. Benedicta alikuwa ameng'ata pembe ya shuka, na alikuwa akiwachukia wote kwa nguvu asizojua kama bado anazo.

Daktari Ntwari, aliyempasua, aliingia amevaa suti na ua mfukoni. Matroni Suzan alimfuata nyuma, na nyuma yake Frida na beseni. Daktari alifunua kitenge, akabonyeza. Kwa muda mfupi hivi alikuwa daktari.

"Kinaingia ndani," alisema. "Afunguliwe na kuoshwa leo hii. Tukingoja kesho, sumu itakuwa kwenye damu."

Kisha makofi yakalia tena nje. Akatazama dirishani, akanyoosha koti, akamwambia matroni waanze na fomu.

Fomu ilikuwa na visanduku viwili: maambukizi yaliyotokea hospitalini, na maambukizi yaliyotokea nyumbani. Matroni alikuwa ameshaweka alama kwenye cha pili, na sehemu ya maelezo ameshaijaza: mgonjwa alikandwa kwa maji ya moto na kupakwa majani na mama mkwe, kinyume cha maelekezo. Yalibaki mambo matatu tu, jina la aliyekanda, saini ya mgonjwa na dole gumba la shahidi.

"Sikukandwa," Benedicta alisema.

"Wote husema hivyo."

"Muulizeni huyo nesi. Alimkataza mama mbele yangu, na mama akatii."

Frida alilitazama beseni. Lilikuwa tupu, lakini alilitazama kana kwamba lina kitu cha kusomwa.

Matroni akavuta kiti, akaketi karibu, akaongea kwa upole uleule wa siku ile ya nywele za mtoto. "Daktari haingii chumba cha upasuaji bila faili kukamilika. Na faili halikamiliki bila chanzo. Ni utaratibu, mama, sikuutunga mimi. Kama unataka tubishane, tubishane. Mimi sina haraka."

"Na nikisaini?"

"Chumba kiko tayari sasa hivi."

Daktari akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, kwamba hakuna atakayeshtakiwa. Afisa afya atakuja tu kijijini, atamtaja bibi kwenye mkutano, na wanawake wengine wapate kujifunza.

Nje ya mlango mtoto alikuwa akilia, na Koleta akimbembeleza kwa wimbo aliowabembelezea wanawe. Benedicta alifikiria kufa. Alifikiria Anatoli akipigiwa simu katikati ya malori, na mtoto huyu wa siku nane akilelewa kwa uji. Akachukua kalamu. Kwenye nafasi ya aliyekanda akaandika Koleta, herufi sita, kwa mwandiko ulionyooka. Baadaye ndilo hilo lililomuuma kuliko yote. Akatia saini.

"Shahidi ni huyo ndugu uliyekuja naye," matroni alisema. "Na lazima asomewe. Hatutaki kesho mseme tulimlazimisha mtu."

Koleta akaingia na mtoto mgongoni. Daktari akamwambia shikamoo, naye akaitikia marahaba huku akipiga goti nusu, maana hakuzoea kuamkiwa na suti. Alimtazama mkwewe usoni, akamgusa paji la uso kwa nyuma ya mkono.

Jumapili kanisani kigangoni Benedicta ndiye husoma somo la kwanza. Koleta hukaa benchi la mbele ili amsikie vizuri, na husema kwamba msichana huyu akisoma, hata asiyejua herufi anaona. Matroni alimpa Benedicta karatasi. Akaishika karibu na macho, akasoma kwa sauti ya kigangoni:

"Mimi Koleta, mama wa Anatoli, nakubali mkwe wangu afunguliwe kidonda na kuoshwa. Namkabidhi mikononi mwa madaktari, na namwomba Mungu awaongoze."

Hakuna hata neno moja la hayo lililokuwa kwenye karatasi isipokuwa jina. Matroni Suzan alikuwa amesimama begani pake, akifuata mistari kwa macho tangu mwanzo mpaka mwisho. Frida akatoka nje na beseni lake.

"Umesoma vizuri," matroni alisema, akafungua kibati cha wino.

"Waongezee hapo kwamba nimeshukuru," Koleta alimwambia Benedicta. "Kama pana nafasi."

"Ipo, mama. Nimeandika."

Koleta akafuta dole gumba kwenye kanga yake, akalichovya, akaliweka palipoonyeshwa. Matroni akainua karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akaikagua. Akasema halijatokea vizuri, mistari haionekani, arudie.

Koleta akaomba radhi. Alisema ni jembe, limemla vidole. Akalichovya tena, akaegemeza mkono wa pili juu ya ule wa kwanza, na akabonyeza kwa nguvu zake zote.