Makalio Yote Mawili

Kwa miaka ishirini na tisa Fundi alikuwa akikalia tako moja. Akikaribishwa kiti, alitua ukingoni kama mtu anayengoja kufukuzwa, tako la kulia kitini, la kushoto hewani. Na kichekesho ni kwamba mwenyewe alikuwa fundi wa makochi. Karakana yake ilijaa viti alivyovifunga springi kwa mikono yake, akavijaza sponji na kuvivika vitambaa vya watu wenye vyeo, wala hakuna hata kimoja alichowahi kukikalia sawasawa. Kazi ikiisha aliwaita wasaidizi wake wakae, yeye akainama kusikiliza kama kuna kinacholia.

Mambo yalianza akiwa na miaka kumi na mmoja. Nyumbani kwao walikuja wageni, kiti cha plastiki kikampasukia mbele ya watu, akaanguka chali, sketi usoni. Yangeishia hapo. Lakini shangazi yake, dada mkubwa wa baba, alikuwa na kipaji cha kusema neno likabaki.

"Mleteeni jiwe akalie," alisema. "Jiwe angalau halina miguu ya kuvunjika."

Watu walicheka mpaka mgeni mmoja akapaliwa na soda. Tangu siku ile ukoo mzima ukamwita Tani, kama mzigo wa lori. Hata kaka yake, aliyempenda, alimwandika hivyo kwenye simu.

Kilichompeleka kutibiwa si aibu. Hiyo alishaizoea kama mtu anavyozoea mlango unaokwaruza. Ni kiuno. Alipigwa picha, akapewa vidonge, akapaka dawa iliyonuka mpaka wateja wakawa wanaongea naye wakiwa nje. Mwishowe daktari alimwelekeza kwa mama mmoja aliyeitwa Sista, mkunga mstaafu aliyesomea kutibu watu kwa kupitia mwili, mwenye chumba kidogo juu ya duka la miwani.

Sista hakumgusa. Alimwonyesha kiti, akamtazama anavyokaa.

"Hiyo nusu nyingine umemwekea nani?"

"Hapana, niko sawa tu. Samahani."

"Samahani ya nini?"

Fundi alifikiri. "Sijui. Samahani."

Sista akaandika kitu kwenye daftari. "Kiuno chako hakina ugonjwa," alisema. "Kimechoka kuomba radhi kwa niaba yako."

Fundi alikuwa amejiandaa kuulizwa habari za utotoni. Badala yake aliulizwa mambo ambayo mtu mwenye adabu haulizi. Aibu ikija, inaanzia wapi? Kifuani? Shingoni? Na matako, yanabana au yanalegea?

Fundi alijichunguza, akashangaa. Yalikuwa yamebana. Ukweli yalikuwa yamebana tangu shule ya msingi.

Wiki ya pili, Fundi alipokwisha kumsimulia habari za shangazi na kiti cha plastiki, Sista alimwambia ajikunyate. "Jikunyate kama unavyofanya mbele ya shangazi yako, ila leo fanya kwa makusudi. Zidisha." Fundi akajikunja mpaka kidevu kikagusa magoti, mwanamke wa miaka arobaini, mwenye leseni ya biashara, kama kobe aliyepigiwa kelele. "Sasa funguka. Polepole, usikimbie." Alipofunguka alianza kulia, na kabla hajamaliza kulia akapiga miayo tisa mfululizo, kisha akacheua. Akataka kuzama sakafuni.

"Vizuri sana," alisema Sista. "Mwili unafungua mizigo. Mimi nimezalisha watu miaka thelathini, mama. Kwa kucheua tu hunitishi."

Kukaa kwenyewe kulichukua wiki nne. Mwanzoni alitua na kuinuka kama aliyekalia jiko. Kisha akaweza pumzi tatu. Kisha kumi, nyayo zimekanyaga chini, mgongo umeegemea. Siku moja, akiwa amekaa hivyo, alikunja uso.

"Sista, springi yako ya kati imelala."

"Kiti hiki kina miaka mitano na hakuna aliyeniambia."

"Hawakai katikati," alisema Fundi. "Wanakaa kama mimi."

Walicheka wote wawili mpaka mwenye duka la miwani akagonga dari kwa ufagio.

Mwezi uliofuata kaka yake alihamia nyumba mpya, ndugu wakaitwa kuiona. Sebuleni palikuwa na kochi la dukani, la bei kubwa na mbao dhaifu; Fundi aliligundua tangu mlangoni. Shangazi naye alikuwepo, amezeeka kila mahali isipokuwa mdomoni.

"Tani, wewe usikae hapo. Kochi la watu bado jipya."

Wawili watatu wakacheka, kwa mazoea tu. Joto likampanda Fundi shingoni, kifua kikaingia ndani, na kule chini kukabana kama zamani. Alivijua vyote, kimoja kimoja. Akakanyaga sakafu, akashusha pumzi, akakaa. Mazima. Kochi likalia.

"Likivunjika nitalitengeneza, shangazi," alisema. "Ndiyo kazi inayonilisha. Na jina langu unalijua, ulikuwepo nikipewa. Hilo lingine siliitikii tena."

Kaka akawa anaikagua rangi ya ukuta.

"Siku hizi umeota ulimi," alisema shangazi.

"Nilikuwa nao siku zote. Nilikuwa nimeukalia."

Shangazi hakuomba msamaha. Hakuwa na mazoezi. Chai ilipoletwa akasahau, au akajaribu bahati. "Tani, nipe sukari." Fundi akaendelea kuzungumza na wifi yake habari za mapazia. "Tani." Fundi akauliza bei ya kitambaa. Bibi wa watu akangoja kidogo, akashika mkongojo, akanyanyuka kuifuata sukari mwenyewe, akinung'unika njia nzima.

Fundi alimwonea huruma. Karibu ainuke. Lakini kochi, pamoja na ubovu wake wote, lilikuwa na sponji laini, akakaa.