Mngurumo wa Kibuyu

Adauto alichutama kando ya mto Paraguai, akaivuta kamba yenye nta iliyofungwa ndani ya kibuyu. Kikanguruma kama jagwa dume, yule chui mkubwa wa huko, vile alivyofundishwa na babake. Miaka mingi mwito huo haukuwa umejibiwa. Leo, nyuma ya vichaka, mngurumo ukajibu.

Akavuta tena, ukajibu karibu zaidi. Akaelekeza bunduki yake huko. Matawi yakatikisika, akatokea jirani yake Delfino, naye ana bunduki na kibuyu.

“Kumbe ni wewe, bwana,” Delfino akasema, akajibwaga chini. “Na nilivyofurahi, nikidhani kabaki jagwa mmoja.”

“Hata mimi.”

Adauto akaitazama bunduki ya Delfino.

“Sasa kama ulifurahi,” Adauto akauliza, “bunduki ya nini?”

“Na hiyo yako?”