Kuanzia Ukurasa wa Kwanza

Mwalimu wa sayansi aliniita shuleni siku ya Jumatano, nikaenda na vipande vya uzi bado vimening'inia kwenye gauni. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, na tangu mama atutoke naishi na mdogo wangu wa kike, wawili tu. Majirani wanamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika. Nikajua nimeitiwa mdomo huo.

"Kaa hapo nyuma, mama, tutaongea kipindi kikiisha," mwalimu akaniambia. Sikumsahihisha. Anayekuja shuleni kwa ajili ya mtoto huitwa mama, basi.

Alikuwa anawafundisha jinsi ya kutumia kitabu cha maarifa.

"Hiki si cha hadithi," akasema, akikiinua. "Ukitaka kujua jambo moja, huna haja ya kukimeza kizima. Mbele kuna yaliyomo, yanakuonyesha sura. Nyuma kuna faharasa, maneno yamepangwa kwa alfabeti na kila neno lina namba ya ukurasa wake. Ukifika ukurasani, tazama vichwa vya habari, maneno ya wino mzito, na maelezo chini ya picha. Haya, mapafu yana kazi gani?"

Vitabu vyote vikageuzwa nyuma kwa pamoja. Mikono ikaanza kupanda. Mdogo wangu alikuwa ukurasa wa pili, kidole kinatembea chini ya mstari, midomo inacheza.

"Chiriku anakwenda kwa miguu," mvulana mmoja akasema. "Atatukuta likizo."

Darasa likacheka. Nikamsubiri ajibu, maana nyumbani hata redio hujibiwa. Kidole chake kikaendelea na mstari.

Kengele ilipolia, mwalimu akavuta kiti karibu yangu.

"Huyu mtoto si mzito," akasema. "Akishasoma kitu hakimtoki. Ila mtihani wa mwisho wa muhula wanafanya na kitabu mezani, maswali mengi, muda mdogo. Yeye kila swali anaanzia mwanzo wa kitabu. Akiendelea hivi wenzake watapanda darasa, yeye atabaki. Nani kamfundisha kusoma hivyo?"

"Mimi, mwalimu. Mimi nilifundishwa na mama."

"Basi mtoe wewe kwenye tabia hiyo. Mimi nimesema mpaka koo limekauka, ananiambia dada hasomi hivyo."

Njiani nilitembea polepole. Mimi niliishia darasa la saba, na mama hata huko hakufika, lakini alikuwa na heshima zake kwa kitabu. Kwake, kuruka kurasa kulikuwa kama kufunua chungu cha watu na kudokoa. Kwa hiyo jioni, nikishafunika cherehani, mdogo wangu alikuwa anakaa mkekani, anasema swali lake, na tunaanza ukurasa wa kwanza, zamu kwa zamu. Tukitafuta moyo tunakutana na popo. Tukitafuta popo tunapitia mvua. Katikati anasimulia nani kamkasirikia nani shuleni, nami nacheka, tunarudi kwenye mstari. Siku nyingine jibu halipatikani, tunalala nalo. Mchana mzima nasema na vitambaa. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu, na ndiyo mwalimu alitaka niyakate kwa mkono wangu.

Jioni ile nikaweka kitabu kifudifudi.

"Leo tunaanzia nyuma."

"Nyuma? Dada, unaumwa?"

"Siumwi. Nitafutie ini linafanya nini."

"Mama alisema..."

"Mama hakuwa na mtihani. Tafuta."

Akanitazama kama nimemfukuza. Kisha kidole kikashuka kwenye faharasa, kikasimama. Akafungua ukurasa, akasoma kichwa cha habari, akasoma maneno chini ya mchoro, akaniambia ini linafanya nini.

"Tayari?" nikauliza.

"Tayari."

Chai yangu ilikuwa bado inatoa moshi. Tukakaa tunaangaliana, hatujui jioni iliyobaki tuiweke wapi.

Nikamuuliza tena kesho yake, na keshokutwa. Akawa mwepesi, akaanza kuona raha, akanicheka mimi ninayepotea kati ya herufi. "Dada, K iko kabla ya M, usiidhulumu." Mtihani ulipokuja alimaliza kabla ya muda, akapanda darasa pamoja na wenzake. Niliposikia nililia kidogo juu ya sketi ya mteja, nikaipiga pasi.

Sasa anajibu maswali yake kabla sijafunika cherehani, halafu anavuka ua kwenda kwa binti wa jirani. Nasikia vicheko vyao kupitia dirishani. Chiriku amerudi kuwa Chiriku, ila kwenye ua wa watu.

Jana nilichukua kitabu chake mkekani. Kulikuwa na kipande cha kitambaa cha bluu mahali tulipoishia, kwenye mifupa. Nikaanza kusoma kwa sauti, zamu yangu, kisha zamu yake.

Akaingia, kandambili mkononi.

"Dada, bado uko na hicho? Unatafuta nini, nikutafutie? Sasa hivi tu."

"Sitafuti kitu."

Akasimama mlangoni, akachungulia ukurasa.

"Aa, mifupa. Hiyo nimeshaijibu," akasema, akapita kwenda kuoga.

Nikashusha sauti, nikaendelea na mstari uliofuata.