Mabakuli ya Nyumba ya Kocha

Jumapili asubuhi Yvette Fontenot alifungua mlango wa mbele achukue gazeti, akakuta bango limechomekwa katikati ya nyasi. INAUZWA, lilisema kwa herufi nyekundu, na chini yake namba ya simu ya dalali ambaye bila shaka alikuwa hajajua kwamba kaibiwa. Jana yake timu ya chuo aliyoifundisha mumewe ilikuwa imepigwa nyumbani, mara ya tatu mfululizo, na katika mji ule wa Wahlstrom kocha akipigwa mara tatu haambiwi aondoke. Anachomekewa bango.

Kichekesho ni kwamba nyumba yenyewe haikuwa yao. Ilikuwa mali ya chuo, na makocha walipishana humo kama wapangaji wa gesti. Lakini nani wa kuwaeleza hayo watu wenye hasira?

Aling'oa bango kwa mikono miwili, yuko na gauni la kulalia na mabuti ya mumewe. Ng'ambo ya barabara, jirani yake Marlys Dvoracek alijifanya anamwagilia maua ambayo baridi ya Oktoba ilishayaua.

Ndani, binti yake Simone alikuwa mezani anakunywa maziwa.

"Safari hii la nani?"

"La yule dalali mwenye meno."

"Mama, uliniahidi."

"Nakumbuka nilichoahidi."

Alikumbuka sana, na ndicho kilichomnyima usingizi. Simone alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na hiyo ilikuwa shule yake ya tano. Julai, siku walipohama kutoka Louisiana na lori la mizigo, mtoto aliuliza swali moja tu njia nzima: "Hii shule nitaimaliza?" Yvette akajibu, "Utaimaliza. Nakuahidi." Ahadi ni deni, na yeye aliiweka kwa kitu kisichokuwa mikononi mwake. Kilikuwa mikononi mwa vijana wa miaka ishirini wanaobeba mpira wenye umbo la yai, na mikononi mwa mji mzima unaowapigia kelele.

Mji wenyewe ulikuwa na ugonjwa wa kukumbuka. Zamani, enzi za kocha Amundsen, Nyati wa Wahlstrom, ndiyo timu yenyewe, walikuwa hawashikiki. Walichukua ubingwa wa nchi mara nyingi hadi watoto wa mji wakadhani ni sikukuu ya kila mwaka, kama Krismasi. Sanamu ya Amundsen bado imesimama nje ya uwanja, na kiatu chake kimeng'aa kwa kushikwa na wenye kutafuta bahati. Mazoea yana taabu. Tangu mzee yule astaafu walikuja makocha watano, kila mmoja akapokewa kama bwana harusi na kutolewa kama mwizi wa kuku. Terrell Fontenot alikuwa wa sita.

Na si kwamba ni watu wabaya. Gari lako likinasa kwenye theluji watatokea watatu na minyororo kabla hujatoa simu mfukoni. Ila Jumamosi jioni wakishindwa, roho zao zinakwenda mahali Mungu mwenyewe anapajua.

Yvette alishuka na bango hadi stoo ya chini. Alikuwa na mengine mawili kule tayari. Safari hii hapakuwa na nafasi ukutani, akasukuma kabati kuukuu la mbao ili alifiche nyuma yake. Mlango wa kabati ukafunguka wenyewe, na ndani, juu hadi chini, kulikuwa na mabakuli ya kuokea. Ya kioo, ya udongo, mengine yana maua ya buluu pembeni. Alipindua moja. Chini yake kulikuwa na kipande cha selotepu chenye jina: Marlys D.

Alipanda ngazi, akatoka hadi barabarani.

"Marlys! Hebu acha kumwagilia maiti, uje huku."

Marlys alipoliona bakuli lake alilikumbatia kama mtoto aliyepotea sokoni. "Jamani! Hili nimelitafuta miaka! Nililiokea viazi na jibini, nikamletea mke wa kocha wa pili, siku waliyohamia."

"Na hukuja kulidai?"

Marlys akawa mwekundu hadi masikioni. "Ningedaije, Yvette? Bango lililochomekwa hapa ile wiki aliyofukuzwa… lilikuwa limetoka kwenye gari letu."

Hapo ndipo Yvette alipoelewa mji wote. Kila kocha alipohamia, wanawake walileta chakula, kila bakuli na jina chini yake ili lirudi kwa mwenyewe. Kocha alipofukuzwa, waume wa wanawake haohao walileta mabango. Familia iliondoka kwa haraka na kwa aibu, mabakuli yakabaki, na hakuna aliyekuwa na uso wa kugonga mlango kudai chombo alichokileta kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika nyundo. Aliyefuata akayakuta, akayasukuma kabatini. Miaka yote hiyo mji ulikuwa unapika kwa vyombo vipya na kunyamaza.

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha hasira ikampanda, na baada ya hasira likamjia wazo.

"Kwetu," alimwambia Marlys, "chombo cha mtu hakirudi kitupu."

Jioni Terrell alirudi kutoka kutazama mikanda ya mechi, macho mekundu, akakuta jiko limegeuka mgahawa. Maharagwe mekundu yalikuwa yanachemka na soseji za moshi, pilipili imewasha pua hadi barazani.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Narudisha vyombo vya watu."

Akamweleza. Terrell, mtu mkubwa wa mabega aliyezoea kufokea vijana wakubwa kuliko yeye, alijikuna kichwa. "Watasema unawahonga."

"Kwa maharagwe? Waseme. Wewe fundisha mpira, mie niachie maharagwe."

Wiki ile na iliyofuata alizunguka mji na gari, Simone ameshikilia mabakuli mapajani. Wengine walipokea wakiangalia viatu vyao. Mwanamke mmoja alilia mlangoni, kisha akauliza kama kuna pilipili nyingi, akaambiwa ipo, akalia tena. Mara nyingi Yvette hakukaribishwa ndani. Hakujali. Alisema, "Hiki chako, samahani kimekawia," akaondoka.

Moja ndilo lililomtia baridi. Chini yake kuliandikwa: Adeline Krenz.

Huko Wahlstrom jina la Krenz halihitaji maelezo. Mzee Orville Krenz alikuwa na mashamba ya mahindi hadi upeo wa macho, na nusu ya viti vya uwanja vilijengwa kwa mkono wake. Akikohoa yeye, chuo kinapata mafua. Na kila Jumatatu jioni, kocha alipokaa na kipaza sauti mkahawani kujibu maswali ya mashabiki redioni, simu ya kwanza ilikuwa yake. Hakuwahi kutukana. Alikuwa anauliza tu, taratibu, kama daktari anayebonyeza panapouma. Makocha watatu walifukuzwa wiki ileile Krenz alipomaliza simu yake kwa kusema, "Basi, sina swali tena."

Yvette alipogonga, mzee alifungua mlango mwenyewe, mrefu, kofia ya Nyati kichwani.

"Kama mumeo kakutuma—"

"Mume wangu hajui kama nipo hapa. Nimekuletea bakuli lako."

"Mimi sina bakuli, mama."

Yvette alilinyanyua juu, limejaa hivyohivyo, mzee akainama kusoma chini yake. Hakuinuka upesi. Alipoinuka alikwenda kukaa kwenye ngazi ya baraza, kofia mkononi.

"Huo mwandiko wa mke wangu," alisema. "Kabla hajafa aliniambia, Orville, nenda kachukue bakuli langu kwa watu wale, wewe ndiye uliyechomeka bango. Nikasema nitakwenda kesho." Alinyoosha mkono apewe bakuli. "Alilipenda. La mama yake."

Simone, aliyesimama nyuma ya mama yake, hajawahi kukosa la kusema.

"Wewe ndiye unayempigia baba yangu kila Jumatatu?"

"Simone!"

"Ndiye mimi," alisema mzee.

"Redioni unasikika mkubwa zaidi."

Mzee Krenz alimtazama, na mdomo wake ukavutika upande mmoja. "Na wewe uko darasa la ngapi, mwenye ulimi?"

"La mwisho. Nikibahatika kumaliza."

"Kwa nini usimalize? Unaonekana una akili."

"Inategemea Jumamosi," alisema Simone.

Mzee alilivuta bakuli karibu. Alichukua kijiko Yvette alichomletea, akaonja maharagwe palepale ngazini, na jasho likamtoka utosini. "Mungu wangu," alisema, "hiki ni chakula au ni adhabu?" Lakini alikula hadi walipoondoka.

Novemba ikaja na upepo wake. Nyati walishinda mechi mbili, na vijana walianza kucheza kama watu wanaojuana. Bado mechi ya mwisho, dhidi ya mahasimu wao wa jimbo jirani, mechi ambayo kwa watu wa Wahlstrom msimu wote ni utangulizi wake tu. Waliongoza hadi mwishoni kabisa. Kisha mrusha mpira wao, kijana wa mwaka wa kwanza, akaurusha mikononi mwa adui, na uwanja mzima ukakaa chini kwa pamoja. Wakapoteza.

Terrell hakulala. Yvette naye aliamka kabla ya jua, akavaa mabuti, akashika kitasa cha mlango akiwa tayari kung'oa bango. Alisali kwanza. Hakuomba ushindi tena, huo umeshapita. Aliomba mwezi wa Mei tu, Simone amalize shule.

Nyasi zilikuwa tupu. Aliangalia mara mbili. Lakini ngazini, kutoka juu hadi chini, kulikuwa na mabakuli yaliyofunikwa, yana moto bado. Aliyatambua yote. La mwisho lilikuwa la Adeline, lina viazi vilivyoungua kila pembe. Mwanamume alikuwa kapika, tena bila msaada.

Furaha ilimjia, ikakatika njiani. Kwani Wahlstrom huwapelekea chakula wageni, lakini huwapelekea wafiwa pia.

"Ni karibu au ni poleni?" aliuliza Simone nyuma yake.

"Sijui, mwanangu."

Jumatatu jioni mkahawa ulijaa hadi watu wakasimama jikoni. Kwenye meza ya pembeni alikaa Grant Sundquist, mkurugenzi wa michezo wa chuo, amekunja mikono, uso hausomeki. Kila mtu alijua alikuja kusikiliza mji unataka nini ili kesho aseme kwamba ni wazo lake. Yvette na Simone walikaa karibu na mlango. Terrell aliweka kipaza sauti sawa, ingawa kilikuwa sawa.

Simu ikalia. Mtangazaji akapokea. "Tuna Orville kutoka nje ya mji."

"Kocha," ilisema sauti, na uma zote zikatulia. "Yule mrusha mpira wako ni kipofu wa upande wa kushoto."

"Ni kweli, Mzee Krenz. Hilo ni kosa langu, si lake. Sijamfundisha vya kutosha."

"Hujamfundisha vya kutosha," sauti ilirudia, polepole. Yvette alimshika Simone mkono, akaubana hadi ukauma, na mtoto hakuuondoa. Yvette alikuwa anasubiri yale maneno ya mzee. Basi, sina swali tena.

"Nina swali moja," alisema mzee. "Yule binti yako mwenye ulimi. Anahitimu lini?"

Terrell aligeuka kumtafuta mkewe katikati ya watu. "Mwezi wa Mei, mzee."

"Basi Mei nitakuja kumwona. Uniwekee kiti cha mbele, masikio yangu yamechoka. Na yule kipofu, una majira yote ya baridi ya kumfungua macho. Tumesubiri miaka yote hii, hatutakufa kwa kusubiri mwaka mmoja zaidi." Akakohoa. "Na mama yake binti aniambie, yale maharagwe anatia nini? Nimejaribu, nimeunguza sufuria."

Kicheko kilianzia jikoni, kikafika hadi barabarani. Simu ya pili ilikuwa ya Marlys, ingawa alikuwa amekaa mezani palepale na kila mtu alimwona akiongea. Sundquist alikunjua mikono. Alipopita kwa Terrell kuelekea mlangoni alimgusa bega, akasema, "Alhamisi uje ofisini. Tupange msimu ujao," na akalitamka neno "ujao" kwa sauti ya kusikika.

Simone hakusema lolote la utani. Aliweka kichwa begani kwa mama yake na kulia kama mtoto mdogo, na Yvette akamwacha alie.

Kulikuwa na kasha moja ambalo Yvette hakuwa amelifungua hapa Wahlstrom, wala katika nyumba mbili zilizotangulia. Usiku ule alilikata kamba. Alitoa ndani yake bakuli la udongo la nyanya yake, la kahawia, lina ufa mdogo ukingoni. Akakata selotepu, akaandika Yvette F., akaibandika chini na kuibonyeza kwa kidole gumba.

Kesho yake alilijaza, akavuka barabara na kumpa Marlys, na hakusema alirudishe lini.