Kwa Ajili Yako Tu

Kwa miaka sita mchungaji wetu alinitumia ujumbe wa sauti kila asubuhi: “Dada, Bwana amenipa neno hili kwa ajili yako tu.” Nililisikiliza kabla sijagusa cherehani, na kwa neno hilo nikashinda siku nzima nimeshiba.

Jana nilikuwa nimepiga magoti nampimia mteja mgeni upindo wa gauni, pini zimejaa mdomoni. Simu yake ikaingia ujumbe wa sauti, akaubonyeza. Sauti ileile. “Dada, Bwana amenipa neno hili kwa ajili yako tu.” Neno lilelile la asubuhi, mpaka kile kikohozi cha katikati.

“Huyu ndiye anayenilisha, fundi,” akaniambia, machozi yanamlengalenga. Afadhali zile pini, maana nilichotaka kusema hakisemeki mbele ya mteja.

Alipoondoka nikampigia mchungaji. “Umenidanganya!”

Wala hakubabaika. “Dada, kwani Biblia huna?”

Nikamkatia simu. Jeuri gani hiyo! Kuwa nayo ninayo, tena nilipewa siku ya ubatizo. Nikageuka kuichukua. Ilikuwa mezani juu ya kitambaa, kwa sababu ndiyo ninayokandamizia vitambaa nikikata. Jalada limejaa chaki. Nikaifungua, na kurasa zilikuwa bado zimegandana kama zilivyotoka dukani.

Nikachukua wembe wa kufumulia nyuzi, nikaanza kuzibandua moja moja.

“Baba,” nikasema, “nina njaa.”